Nyumba ya Kweli Ilikuwa Nyuma ya Matofali

Kwa kama miaka 200, watu walienda kijiji kimoja Uingereza kuona nyumba ya mama yake Shakespeare, kumbe walikuwa wanaangalia nyumba ya jirani. Sio mzaha. Nyumba yenyewe ilikuwa hapo tu kando, na hakuna aliyeisumbukia. Naileta hii stori kwa sababu inatuhusu, hasa kama kwenu ushago kuna nyumba ya zamani inayongoja kubomolewa.

Kijiji kinaitwa Wilmcote, karibu kilomita 5 kutoka Stratford-upon-Avon. Mama anaitwa Mary Arden, binti wa mkulima Robert Arden. Huyo mzee hakuwa maskini. Alipokufa mwaka wa 1556, mali yake iliandikwa orodha: ng'ombe, farasi, kondoo, nyuki, hadi vitambaa vilivyochorwa vya kutundika ukutani.

Sasa, mwishoni mwa karne ya 18, jamaa wa pale kwa jina John Jordan alionyesha watu nyumba moja akasema ndiyo hii ya kina Arden. Na ilikuwa na sura ya kuaminika: kubwa, nguzo za mbao zinaonekana nje, yaani vile tu unawazia nyumba ya kale ya Kiingereza. Watu wakakubali. Mwaka wa 1930 shirika linalotunza nyumba za Shakespeare likainunua, na watalii wakaendelea kuja.

Halafu mwaka wa 2000 mwanahistoria Nat Alcock akapekua nyaraka za zamani za ardhi ya pale. Akapata kwamba ile nyumba ilikuwa ya jirani, mkulima aliyeitwa Adam Palmer. Ya kina Arden ni iliyo kando yake, Glebe Farm. Bahati nzuri shirika lilikuwa limeinunua hiyo pia mwaka wa 1968, bila kujua ni ya nani.

Mbona hakuna aliyeishuku? Kwa sababu nje ilikuwa matofali. Ilikaa nyumba ya juzi juzi.

Hapa ndipo ujenzi wenyewe unaingia. Nyumba za aina hii hazisimami kwa ukuta, zinasimama kwa fremu. Fundi anachonga miti ya mwaloni ikiwa bado mibichi. Mwisho wa boriti anauchonga kama ulimi, kwenye nguzo anatoboa tundu, ulimi unaingia, kisha anapigilia kigingi cha mti kuvishika pamoja. Mti ukikauka unajikaza hapo hapo. Mara nyingi kila kipande kinakatwa na kujaribiwa kwanza pakiwa chini, kinachorwa alama, ndio siku ya kusimamisha watu wajue kipi kinaingia wapi.

Nafasi kati ya nguzo zilijazwa nini? Fito zilizosukwa, zikakandikwa udongo uliochanganywa na nyasi na mavi ya ng'ombe. Eeh, umesoma vizuri. Ni ile ile teknolojia ya nyumba ya shosho.

Na kwa vile uzito wote umebebwa na fremu, ukuta unaweza kuutoa na kuubadilisha nyumba ikiwa imesimama. Ndio maana miaka ya baadaye, matofali yalipokuwa ndiyo sura ya heshima, mwenye nyumba aliweza kuficha mbao nyuma yake. Lakini mti haudanganyi. Kila mwaka unaongeza pete moja, nene au nyembamba kulingana na hali ya hewa, na wataalamu wanaweza kulinganisha pete hizo wakajua mti ulikatwa lini. Mbao za Glebe Farm zilirudi na jibu: 1514. Mary hakuwa hata amezaliwa.

Sasa maoni yangu. Sisi tunafanya yale yale ya huyo mwenye matofali, halafu tunamaliza kazi kwa tingatinga. Kwetu, nyumba ya udongo ilipigwa plasta ya simenti ndio wageni wa ruracio wasituone vibaya. Miaka michache baadaye ikabomolewa kabisa, ikajengwa ya mawe. Nguzo zilienda jikoni kama kuni. Hakuna aliyeuliza ni mti gani ule uliokaa miaka yote hiyo bila kuliwa na mchwa.

Najua mtu atasema, "Wewe unakaa flati Nairobi, unataka shosho aendelee kukaa kwa matope?" Hapana. Paa likivuja, jenga. Funza wakiingia sakafuni, mwaga simenti. Hata Waingereza walibomoa nyumba nyingi sana za aina hii, na hakuna haja ya kugeuza kila boma kuwa makumbusho. Ninachokataa ni kubomoa kitu ambacho hatujakiangalia, kwa sababu tu kinakaa cha kimaskini. Nyumba ya Palmer ilipendwa kwa sura, ya Arden ikapuuzwa kwa sura. Sura ilikosea mara mbili, na nyumba hizo ziko mita chache tu kutoka kwa nyingine.

Tena wao walikuwa na makaratasi ya kurekebisha makosa. Familia nyingi za huku, karatasi pekee iliyopo ni kichwa cha shosho, na hicho hakina nakala.

Kwa hivyo Disemba hii ukienda ushago, toa simu. Piga picha za ndani, hasa pale boriti inakutana na nguzo. Uliza mti uliitwaje na ulitoka msitu gani. Uliza nani alikata fito, nani alikanda udongo, na ilikuwa mwaka upi, hata kama jibu ni "mwaka ule wa njaa". Rekodi sauti. Halafu kama lazima ibomolewe, ibomolewe ikijulikana ilikuwa nini.