Mcheza Kwao Hutuzwa: Historia Fupi ya Timu za Taifa za Wasichana



Kamati ya Jamii ilipotuomba sisi walimu tuchangie makala ya historia katika toleo hili la kumbukumbu, wengi walitarajia tuandike juu ya vita na safari ya kuvuka ziwa. Habari hizo zimo katika kurasa nyingine, na zimeandikwa na wazee wanaozijua kuliko sisi. Sisi tumechagua historia ya timu za taifa za wasichana katika mpira wa miguu. Tunazo sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba katika mkutano wa mwezi uliopita ililetwa hoja kuwa siku ya Alhamisi, ambayo wasichana wa shule hutumia uwanja, irudishwe kwa wavulana, kwa kuwa mpira wa wasichana hauna mbele wala nyuma. Hoja hiyo bado haijaamuliwa. Ya pili ni kwamba baada ya mkutano, mwanafunzi wetu mmoja wa miaka 15, anayecheza nafasi ya ulinzi, alituuliza: "Mwalimu, mimi nikicheza vizuri sana, nitachezea nchi gani?" Siku ile hatukuwa na jibu. Makala hii ni jaribio letu la kuwajibu wote wawili, mkutano na mtoto huyo.

Uwanja ndio ulionyimwa

Tuanze na neno linalosemwa sana, kwamba mpira wa wasichana ni mambo ya Wazungu. Tarehe 26 Desemba 1920, katika uwanja wa Goodison Park mjini Liverpool, watazamaji wapatao 53,000 walikwenda kuitazama timu ya wanawake iitwayo Dick, Kerr Ladies. Walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha mji wa Preston. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 5 Desemba 1921, Chama cha Mpira cha Uingereza kiliamua kwamba mchezo huo hauwafai wanawake, kikavikataza vilabu vyake kuwapa viwanja. Katazo hilo lilidumu karibu miaka 50.

Ndugu wasomaji, hapo tunaona kwamba hoja ya kuwanyima wasichana uwanja si mila ya babu zetu pekee. Wazungu waliisema kabla ya mkutano wetu, wakaitekeleza, kisha wakaiacha. Tena tuone namna walivyofanya. Hawakumnyang'anya mtu mpira, walifunga uwanja tu, na hilo lilitosha kuurudisha mchezo nyuma kwa nusu karne.

Wavulana walitangulia miaka 25

Shirikisho la Mpira Duniani, yaani FIFA, lilianza mashindano ya dunia ya vijana wa kiume mwaka 1977 nchini Tunisia, hapa hapa Afrika. Mwaka 1985 yakaanza ya wavulana wadogo zaidi nchini China, na Nigeria ikawa bingwa. Kombe la Dunia la wanawake lilikuja mwaka 1991, pia nchini China, likiwa na timu 12. Lakini kwa wasichana wadogo hapakuwa na kitu hadi mwaka 2002. Mvulana mwenye kipaji alikuwa na mlango wake tangu 1977. Dada yake alisubiri miaka 25.

Mashindano hayo ya kwanza, ya wasichana chini ya miaka 19, yalifanyika Kanada. Timu zilikuwa 12, na kutoka Afrika ilikwenda moja tu, Nigeria. Fainali ilichezwa mjini Edmonton tarehe 1 Septemba 2002, Marekani ikaifunga Kanada bao 1-0 katika muda wa nyongeza. Watazamaji walikuwa 47,784. Hakuna aliyetazamia watu wengi kiasi hicho kwa mchezo wa wasichana wa shule. Mchezaji bora alikuwa Christine Sinclair wa Kanada, aliyefunga mabao 10. Alipostaafu timu ya taifa mwaka 2023 alikuwa amefunga mabao 190, idadi ambayo hakuna mwanamume wala mwanamke aliyekuwa ameifikia katika timu za taifa. Marta wa Brazili naye alikuwepo Kanada mwaka ule, akiwa msichana mdogo. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

Mwaka 2006 umri ulipandishwa kuwa chini ya miaka 20, na mwaka 2008 yakaanzishwa mashindano mengine ya chini ya miaka 17 nchini Nyuzilandi. Tangu hapo kila nchi ilikuwa na ngazi mbili za kupandia kabla ya timu kubwa.

Faida ya ngazi hizo yafaa ielezwe. Nchi isipokuwa na mashindano ya kwenda, chama chake cha mpira hakina sababu ya kuwakusanya wasichana wa miaka 16, kuwatafutia kocha, kuwalisha na kuwapa mechi. Mashindano yakiwepo, tarehe inawekwa, na tarehe humlazimisha mtu mzima kufanya kazi. Ndivyo ilivyo hata shuleni: mtihani usipopangwa, daftari halifunguliwi.

Afrika na nchi zetu

Nigeria ilifika fainali ya chini ya miaka 20 mara mbili, mwaka 2010 nchini Ujerumani na mwaka 2014 nchini Kanada, na mara zote mbili ikafungwa na Ujerumani. Mwaka 2014 Mnigeria Asisat Oshoala alichaguliwa mchezaji bora na pia akawa mfungaji bora kwa mabao yake 7. Ghana ilishika nafasi ya tatu katika mashindano ya chini ya miaka 17 ya mwaka 2012 nchini Azabajani, na Nigeria ikashika nafasi hiyo hiyo mwaka 2022 nchini India.

Kongo yetu nayo imo katika historia hii, na tumeona kwamba wengi kambini hawajui. Timu ya wasichana wa Kongo chini ya miaka 20 ilifuzu mara mbili, mwaka 2006 kwenda Urusi na mwaka 2008 kwenda Chile. Mara zote mbili Afrika ilikuwa na nafasi mbili tu duniani, na moja ilikuwa yetu. Haikuvuka hatua ya makundi. Lakini tukumbuke mwaka 2006 ulikuwa mwaka gani. Duru ya kwanza ya uchaguzi wa rais ilipigwa tarehe 30 Julai, na ya pili tarehe 29 Oktoba. Katikati ya tarehe hizo mbili, mwezi Agosti, nchi ikiwa imeshika pumzi, wasichana wa Kongo walisimama Urusi wakiimbiwa wimbo wa taifa. Wakati ule wengi wetu tulikuwa hapa na kadi za mgao mikononi. Kama tungalijua, tungalishangilia pamoja, bila kuulizana nani anatoka mkoa gani.

Tanzania, nchi inayotuhifadhi, ilifuzu mwaka 2022 kwa timu yake ya chini ya miaka 17, Serengeti Girls. Katika mchujo wa mwisho waliitoa Kameruni kwa jumla ya mabao 5-1, na mchezo wa marudiano ulifanyika Zanzibar katika Uwanja wa Amaan. Walikuwa timu ya kwanza ya wanawake ya Tanzania kufika Kombe la Dunia. Kule India, mchezo wa kwanza walifungwa na Japani mabao 4-0. Watu wakasema safari imekwisha. Mchezo wa pili wakaifunga Ufaransa 2-1. Wa tatu wakatoka sare ya 1-1 na Kanada, nchi ile ile ambako mashindano ya wasichana yalianzia. Wakaingia robo fainali, wakatolewa na Kolombia kwa mabao 3-0. Tuliofuata mchezo wa Ufaransa kwa redio tunakumbuka kelele zilizosikika sokoni.

Mwaka 2024 ikawa zamu ya Kenya. Katika hatua ya mwisho ya mchujo ilikutana na Burundi, ikashinda kwa jumla ya mabao 5-0. Wasichana wa Burundi walikuwa wamebakiza hatua moja tu, na mchezo ambao ungekuwa wao wa nyumbani waliucheza Addis Ababa, mbali na watu wao. Jirani zetu Warundi wa kambi hii watajua maana ya jambo hilo bila kuelezwa. Kenya ilikwenda Jamhuri ya Dominika ikiwa timu ya kwanza ya nchi hiyo, ya kike au ya kiume, ya umri wowote, kufika Kombe la Dunia la FIFA. Ilifungwa na Uingereza na Korea Kaskazini, kisha ikaifunga Meksiko 2-1.

Kwa wanaosema mambo haya ni ya matajiri, tuitaje hiyo Korea Kaskazini. Hadi mwaka 2025 ilikuwa imechukua ubingwa wa chini ya miaka 17 mara nne na wa chini ya miaka 20 mara tatu. Si nchi tajiri, ila huanza na watoto mapema.

Tukiangalia timu hizi, twaona njia inayofanana. Mtoto huanza shuleni. Tanzania ina mashindano ya shule za msingi yaitwayo UMITASHUMTA na ya sekondari yaitwayo UMISSETA. Mwaka 2023 wasichana wa shule ya Fountain Gate ya Tanzania walikuwa mabingwa wa shule za Afrika huko Durban. Shule zetu za kambi hufuata mitaala ya nchi tulizotoka na hazimo katika ngazi hiyo. Hatulaumu mtu, tunaeleza tu mahali ambapo ngazi yetu imekatika.

Asiye na kwao acheze wapi?

Wahenga walisema, mcheza kwao hutuzwa. Hapa ndipo swali la mwanafunzi wetu linapouma, kwa sababu timu ya taifa humtaka mchezaji awe na taifa, na awe na karatasi ya kulithibitisha.

Nadia Nadim alizaliwa Herat, Afghanistan, mwaka 1988. Baba yake aliuawa na Taliban mwaka 2000, na mama yake akakimbia na mabinti zake hadi Denmaki. Mpira aliujulia kambini, kambi ya wakimbizi kama hii. Lakini kanuni za ukaaji za FIFA zilimzuia kuichezea Denmaki mpaka alipopewa ruhusa maalumu, akacheza mara ya kwanza mwaka 2009. Mwaka 2017 alifunga bao katika fainali ya Ulaya.

Mwaka 2021, Taliban walipoingia Kabul tarehe 15 Agosti, wasichana wa timu ya taifa ya vijana ya Afghanistan walilazimika kujificha. Tarehe 19 Septemba walifika Ureno, wachezaji 26 pamoja na jamaa zao, jumla ya watu 80. Aliyehangaika kuwatoa alikuwa pamoja na wengine Farkhunda Muhtaj, nahodha wa timu kubwa, aliyekuwa akiishi Kanada. Timu nzima ya taifa iligeuka wakimbizi kwa muda wa wiki tano. Hata hivyo, siku chache baada ya kufika walikuwa tayari uwanjani wakicheza mpira.

Kwa mifano hiyo, jibu letu kwa mwanafunzi ni hili. Hatujui utachezea nchi gani. Huenda ikawa Kongo, tukirudi. Huenda ikawa nchi itakayokupokea. Huenda usichezee nchi yoyote, nasi hatutakudanganya. Tunachojua ni kwamba mlango wa chini ya miaka 17 hufungwa kwa tarehe ya kuzaliwa, na haufunguliwi tena. Kwa mashindano ya India mwaka 2022, aliyezaliwa kabla ya 1 Januari 2005 alikuwa amekwisha chelewa, hata kama alikuwa bora kuliko wote. Miaka hiyo haiwekwi akiba mpaka amani irudi.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwa Kamati: Alhamisi ibaki ya wasichana. Wavulana wana siku tano, nao wana ndugu wa kuwasimamia mkutanoni. Kwa wazazi: msajilini mtoto akizaliwa, na cheti kitunzwe pamoja na kadi ya mgao, mahali pasipovuja. Mtoto asiye na tarehe hana umri, na asiye na umri hahesabiwi katika timu yoyote. Nanyi akina mama, tunajua maji na kuni havingoji. Tunaomba saa mbili tu kwa wiki. Kwa wafanyakazi wa mashirika: mipira na viatu tunavishukuru, lakini zaidi tunaomba mtusaidie kuzungumza na wenyeji wetu ili timu ya shule yetu icheze na za shule za vijijini jirani, hata mara mbili kwa mwaka. Huko ndiko mtu wa kumwona mchezaji anakopatikana.

Tangu mwaka 2025 mashindano ya chini ya miaka 17 yana timu 24 badala ya 16, na yamepangwa kufanyika kila mwaka, mitano mfululizo, nchini Moroko. Mlango umepanuliwa. Sisi walimu hatuna uwezo wa kumfikisha mtoto Moroko. Tuna uwezo wa kufika uwanjani Alhamisi saa kumi jioni na filimbi, na tutafika. Tunaomba tuukute uwanja u wazi.