Chumvi ya Ziwa na Chumvi ya Mto: Suala la Istilahi na Historia katika Kasese na Bwera

Historia ya chumvi katika Kasese na Bwera huanzia Katwe, na si bure: mwaka 1891 Lugard alijenga ngome pale kwa ajili ya chumvi, na hadi leo shehena za ziwa hilo huvushwa Mpondwe, jirani na Bwera, kuelekea Kongo. Chumvi hiyo huonekana, hupimwa kwa gunia, hutozwa ushuru.

Chumvi ya mto haina gunia. Mgodi wa shaba wa Kilembe, uliofanya kazi tangu 1956 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, uliacha mabaki ya pairaiti. Mabaki hayo yakipata hewa na mvua huzaa asidi, na salfeti za shaba na kobalti huyeyuka zikateremka upande wa Ziwa George. Kwa mkemia, hizo nazo ni chumvi. Kwa mkulima, chumvi ni ile ya chunguni.

Kipimo cha upitishaji umeme hueleza wingi wa ioni, si aina yake. Tena miligramu kwa lita hazitoshi hadi zizidishwe kwa mtiririko: maji ya mafuriko, mfano ya Nyamwamba ya Mei 2013, yaweza kuonekana matamu kipimoni ilhali mzigo wake wapita ule wa kiangazi. Katika mashamba ya umwagiliaji ya Mubuku, sharti kupima kiingiacho na kitokacho, kwa kuwa mmea hunywa maji na kuiacha chumvi udongoni.

Ripoti ikiandika “chumvi” tu, mshauri wa sera hatambui kama asoma habari za udongo huo au za shaba ya Kilembe. Napendekeza “chumvi za metali” kwa hizi za mgodi.