Mashua ya Kupunga Upepo

Mwaka 1838, watu wa St. Petersburg waliona chombo cha ajabu kwenye mto Neva. Hakikuwa na tanga, hakuna aliyepiga kasia, na hakikutoa moshi. Moritz Hermann Jacobi, mhandisi mzaliwa wa Potsdam aliyefadhiliwa na serikali ya Tsar Nicholas I, alikuwa amepakia ndani yake betri za zinki na shaba, mota aliyoibuni mwenyewe, na abiria wapatao dazeni moja. Mota ikazungusha magurudumu ya makasia ubavuni, chombo kikaondoka. Mwendo wake ulikuwa wa mtu anayetembea ukingoni bila haraka. Mwaka uliofuata Jacobi alijaribu betri za platini na zinki zilizobuniwa na William Grove. Nguvu iliongezeka, lakini asidi ya nitriki iliyokuwa ndani yake ilitoa mvuke wa sumu. Mradi haukuendelea.

Katika semina za historia ya teknolojia, kisa cha Jacobi husimuliwa kama kisa cha betri dhaifu: wazo zuri lililowahi mno, likasubiri kemia iimarike. Sikubaliani sana na maelezo hayo. Ni kweli betri ilikuwa mbovu. Lakini dola ile ilihitaji chombo cha kazi, na mashua ya umeme ilikuja kufanikiwa pale tu ilipopewa jukumu jingine kabisa, la kuwapeleka watu kupunga upepo.

Maji yenyewe ndiyo yanayoamua. Ukitaka kuiongezea mashua mwendo mara mbili, unahitaji nguvu takriban mara nane. Sasa igeuze hesabu hiyo. Mashua ikipunguza mwendo hadi nusu, hutumia karibu sehemu moja ya nane ya nguvu, na betri ile ile inaifikisha mbali takriban mara nne. Kisha kuna mawimbi. William Froude, Mwingereza aliyekuwa akivuta vielelezo vya meli kwenye tangi la maji huko Torquay katika miaka ya 1870, alionyesha jinsi chombo kinavyotengeneza wimbi lake chenyewe. Kikizidisha mwendo kupita kiasi kinachoruhusiwa na urefu wake, hujikuta kinapanda mlima wa maji ambao hakiwezi kuuvuka bila nguvu nyingi mno. Kwa hiyo fundi wa mashua ya umeme huchagua umbo refu na jembamba, lenye shetri iliyonyanyuka taratibu ili maji yaachane nalo bila vurugu. Betri, ambazo uzito wake ni balaa barabarani, huzipanga chini kabisa juu ya mkuku, nazo zinafanya kazi ya farumi. Mota ndogo huingia chini ya sakafu. Katika mashua ya mvuke, boila ilikalia katikati, mahali pazuri kuliko pote, na abiria wakabanwa kwenye ncha mbili wakipumua masizi. Katika ya umeme, chombo kizima ni cha abiria.

Wabunifu wa miaka ya 1880 walilijua hili kwa mikono yao. Mwaka 1881 Gustave Trouvé aliendesha kimashua kwenye mto Seine, Paris, akiwa ameifunga mota juu ya usukani, kiasi kwamba ungeweza kuing'oa yote ukaenda nayo nyumbani. Wavuvi wetu wanaobeba injini zao begani jioni wakitoka majini wanaendeleza wazo lake, ingawa zao zinakunywa petroli. Mwaka 1882 Anthony Reckenzaun alishusha mashua iliyoitwa Electricity kwenye mto Thames, na mwaka 1886 mashua yake nyingine, Volta, ilivuka mlango wa bahari kutoka Dover hadi Calais na kurudi bila kuchajiwa njiani. Habari hiyo ilitikisa magazeti, lakini biashara yenyewe ilikuwa mtoni. Kufikia mwaka 1889 kampuni ya Moritz Immisch, fundi saa aliyehamia London kutoka Ujerumani, ilikuwa ikikodisha mashua za umeme kwenye Thames, na vituo vya kuchajia vikapangwa kando ya mto. Miaka mia moja na zaidi kabla ya mjadala wetu kuhusu vituo vya magari ya umeme!

Mwaka 1893 ikaja zamu ya Chicago. Katika Maonyesho ya Dunia, mashua 55 za umeme, kila moja ya futi 36, zilizunguka kwenye mifereji na mabwawa na kubeba zaidi ya watu milioni moja. Hapo ndipo kampuni ya Elco ilipopata jina. Inafaa kukumbuka pia kwamba Ida B. Wells na Frederick Douglass waligawa kijitabu kwenye maonyesho hayo hayo, kueleza kwa nini Wamarekani weusi walikuwa wametengwa. Starehe nayo ina mlango, na mlangoni kuna bawabu.

Petroli ilipokuja, Elco haikung'ang'ania umeme. Baadaye kiwanda chake cha Bayonne kilitengeneza boti za torpedo za Vita vya Pili, ikiwemo PT-109 ya John F. Kennedy. Mota ya kimya ikabaki kwa matajiri wachache na kwenye maziwa yenye masharti.

Leo imerudi, kwa betri za lithiamu. Nyingi kati ya hizo zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, hasa upande wa Kolwezi, ambako wachimbaji huitana na kupatana bei kwa Kiswahili. Ziko betri za lithiamu zisizotumia kobalti kabisa, na mashua isiyo na haraka ina sababu zote za kuzichagua: ni nzito zaidi, lakini uzito chini ya maji si kosa kubwa. Mbunifu anayesifia ukimya wa mashua yake bila kuuliza kelele imehamishiwa wapi amebuni nusu ya chombo.

Kule Bavaria, kwenye ziwa Königssee, mashua za abiria zimekuwa za umeme tangu mwaka 1909. Zinawapeleka watu hadi kanisa la St. Bartholomä, kwa mwendo ule ule wa taratibu. Katikati ya safari nahodha huzima mota, mmoja wa mabaharia husimama na tarumbeta, akapiga sauti chache kuelekea kwenye mwamba, akanyamaza. Mwamba humrudishia.