Mti Ulioandikishwa Jeshini

Pita Ngong Road leo, utauziwa meza ya "walnut". Igonge kwa kidole: mara nyingi ni MDF iliyobandikwa karatasi yenye picha ya mbao. Rangi inayoigwa hapo ni ya mjozi mweusi, Juglans nigra, mti wa mashariki mwa Marekani, na historia yake inanuka baruti.

Zamani wakulima wa huko waliupasua kujengea nyua na ghala, ingawa mafundi wa Philadelphia katika karne ya 18 walishaufanya viti na makabati ya matajiri. Kiini chake kina rangi ya chokoleti. Sehemu iliyo karibu na gome ni nyeupe-nyeupe, ndiyo maana viwanda huzipiga mbao mvuke ili rangi ya kiini isambae. Na jua, ambalo hukoleza mbao nyingi, hii huipausha.

Lakini jeshi halikuutaka kwa rangi. Mbao yake ikikauka, meta moja ya ujazo ina kama kilo 610. Mpingo wetu hupita 1,200 na huzama majini. Kitako cha bunduki kinataka mbao ambayo askari ataibeba kutwa, isiyopasuka kwa mshtuko, isiyopinda ikilowa mvua kisha ikaanikwa juani. Manake kitako kikipinda kidogo tu kinasukuma mtutu, na risasi inaenda kwingine. Mjozi uliokaushwa vizuri hutulia.

Basi mwaka 1918 Rais Woodrow Wilson akawaomba maskauti wautafute. Watoto, jo, wakizunguka mashambani kuhesabu miti ya kutengeneza vitako na rafadha za ndege! Vita vya Pili vilipokuja ikawa zamu ya M1 Garand: zilitengenezwa zaidi ya milioni 5, nyingi zikiwa na vitako vya mjozi.

Mimi hapo ndipo humkumbuka George Nakashima. Alizaliwa Spokane, akasomea usanifu majengo. Mwaka 1942 serikali iliyokuwa ikikata mijozi kwa ajili ya vita ilimfungia katika kambi ya Minidoka, Idaho, yeye, mkewe na mtoto wao mchanga, kisa asili yao ni ya Kijapani. Humo kambini, kwa mabaki ya mbao, seremala Gentaro Hikogawa alimfundisha kazi ya mikono ya Kijapani.

Aliachiliwa mwaka 1943, akahamia New Hope, Pennsylvania, na mjozi mweusi ukawa mbao yake kuu. Aliacha ubao mpana na ukingo wake wa asili, ulivyotoka kwenye gogo. Ufa hakuuficha, aliuacha wazi, akaushikiza kwa vipande vya mbao vyenye umbo la kipepeo. Nikitazama picha za meza zake, jicho langu huanzia kwenye vipepeo hivyo.

Mwaka 1973 Nelson Rockefeller aliagiza kwake samani zaidi ya 200 za nyumba yake. Mwaka uliofuata akawa makamu wa rais wa Marekani.