Jean wa Joinville, Bwana Aliyehukumiwa na Watu Wake

Hapo kale katika nchi ya Ufaransa, karibu na mto Marne, palikuwa na ngome juu ya kilima iitwayo Joinville. Bwana wa ngome hiyo, Jean, alizaliwa karibu na mwaka 1224. Baba yake, Simon, alikuwa msimamizi mkuu wa nyumba ya mtawala wa Champagne, na Jean akakirithi cheo hicho angali kijana.

Mwaka 1248 Mfalme Louis wa 9 alikuwa akijitayarisha kwenda Vita vya Msalaba, na Jean akaazimu kufuatana naye. Alikuwa na mke, Alix, na watoto wawili. Mdogo wao alizaliwa siku ya mkesha wa Pasaka mwaka ule ule. Basi Jean akawakusanya watu wake, wakala karamu juma zima. Ilipofika Ijumaa akawaambia ya kuwa aenda mbali, wala hajui kama atarudi. Kwa hiyo kila aliyedhulumiwa naye na aseme, apate haki yake. Kisha akatoka barazani, wasije wakamwonea haya, akakubali bila kubisha yote waliyoyaamua. Twastaajabu sana: mwenye ngome kuwafanya watu wake kuwa waamuzi juu yake!

Tena hakutaka kuchukua fedha isiyo haki yake. Mama yake alikuwa angali hai, na mapato yake mwenyewe hayakutosha; basi akaweka rehani sehemu kubwa ya nchi yake. Akaondoka kwa miguu, bila viatu, kuzuru makanisa ya jirani. Wala hakugeuka kuitazama ngome, moyo wake usije ukalegea kwa ajili ya wale watoto wawili.

Huko Misri vita viliwashinda. Mwaka 1250 Jean alishikwa mateka, na Mfalme vile vile, hata wakakombolewa kwa mali nyingi. Aliporudi kwao mwaka 1254, aliwakuta watu wake wamekuwa maskini, kwa maana watumishi wa wafalme waliwaonea alipokuwa hayupo.

Mwaka 1267 Mfalme akamwita tena vitani. Jean alimpenda Mfalme kama ndugu, lakini akakataa. Alisema, akitaka kumpendeza Mungu, imempasa kukaa awalinde watu wake. Mfalme akaenda bila yeye, akafa Tunis mwaka 1270.

Jean alipokuwa mzee wa miaka zaidi ya themanini aliandika habari za Mfalme huyo, akaimaliza kazi mwaka 1309. Humo hakuficha makosa yake mwenyewe: alisimulia jinsi Mfalme alivyomkemea kwa kuona kinyaa kuwaosha maskini miguu siku ya Alhamisi Kuu. Alikufa mwaka 1317.

Wasomaji wapenzi, wengi husifu ushujaa wa vitani. Sisi twaona ya kuwa siku ile ya Ijumaa barazani ilihitaji ushujaa ulio mkubwa zaidi. Je, sisi nasi tunapofunga safari, twawauliza jirani zetu tuliwakosea nini?