Ingobyi, Agaseke na Blanketi la Mama: Historia Fupi ya Kujiandaa Kuugua

Mwezi wa saba mwaka jana daktari alimwambia mama yangu kwamba uvimbe katika kizazi chake umekua na lazima utolewe kwa upasuaji. Hakumlaza siku hiyo. Damu yake ilikuwa pungufu, kwa hiyo alitakiwa kwanza kumeza vidonge vya madini ya chuma kwa wiki nane, ale maharage na mboga za majani, kisha apimwe tena. Aliambiwa pia kwamba baada ya upasuaji hatainua kitu kizito kwa wiki sita: si ndoo ya maji, si jiko, si mtoto wa jirani. Tulirudi nyumbani Gisimenti na karatasi yenye tarehe. Baba alikuwa njiani na lori kutoka Dar es Salaam, amekwama kwenye foleni ya mpaka wa Rusumo. Mama alimpigia simu, akamweleza kwa Kiswahili chao cha safari, akakata simu, akakaa kimya.

Tunaishi nyuma ya ile barabara ambayo tangu mwaka 2022 hufungwa kwa magari mwishoni mwa wiki. Ijumaa jioni meza hutolewa nje, nyama huchomwa, muziki huendelea hadi usiku wa manane. Usiku wa Ijumaa ya kwanza mama hakulala. Nilipoamka kunywa maji nilimkuta ameketi kitandani na mfuko wa mabaki ya vitenge ambao fundi cherehani wa chini alimpa zamani. Alikuwa anashona kwa mkono. Nilidhani anashona blanketi, kumbe anashona mto mdogo, wa ukubwa wa daftari. Muuguzi alikuwa amemwambia kwamba akitaka kukohoa, kucheka au kunyanyuka kitandani baada ya upasuaji, akandamize mto tumboni ili kidonda kisivutwe. Mto wa kushika tumbo ndio uliotangulia. Blanketi lilifuata.

Mimi nasoma historia, mwaka wa tatu. Katika somo letu la historia ya tiba tulijifunza habari za wamisionari, hospitali, chanjo na sheria. Nilipomtazama mama nikajiuliza: maandalizi haya ya nyumbani, ya sindano na kitambaa, yana historia? Au ni njia tu ya kupitisha muda? Katika insha hii nitaonyesha kwamba yana historia, na kwamba hapa Rwanda historia hiyo ni ya zamani kuliko hospitali. Lakini nitaeleza pia jambo ambalo bibi yangu alinisahihisha, kwa sababu bila hilo insha ingekuwa uongo mtamu.

Nianze na ingobyi. Kwa Kinyarwanda neno hili lilitumika kwa ngozi ya kumbebea mtoto mgongoni, na pia kwa machela iliyosukwa kama kikapu kirefu, yenye miti miwili ya kubebea. Wanaume wanne huiweka mabegani. Zamani ilibeba machifu na mabibi harusi, na katika karne ya 20 ikawa gari la wagonjwa la milimani, kule ambako njia ilikuwa ya miguu tu. Watu wa kilima kimoja waliunda chama: kila nyumba inachanga, kila mwanamume ana zamu ya kubeba. Ng'ambo ya mpaka, Kigezi nchini Uganda, vyama vya namna hiyo huitwa engozi. Hospitali ya Kisiizi ilipoanzisha bima yake ya afya mwaka 1996, iliandikisha watu kupitia vyama hivyo hivyo vya kubeba wagonjwa. Hapa kwetu majaribio ya Mituweli yalianza mwaka 1999 katika maeneo ya Byumba, Kabgayi na Kabutare. Watu wengi huona bima kama kitu cha kompyuta na namba ya kitambulisho. Mimi naona kwamba wazo lake, yaani kuchanga ukiwa mzima kwa ajili ya siku utakayougua, lilikuwa tayari limesukwa kwa mikono na kutundikwa ukutani kabla ya kuandikwa kwenye sheria.

Bibi yangu, mzaa mama, alibebwa kwenye ingobyi mwaka 1976 kutoka kilimani kwao upande wa Byumba alipopata uchungu wa siku mbili. Mtoto aliyezaliwa kwa upasuaji baada ya safari ile ni mama yangu. Nilipokwenda kumhoji, bibi hakunisimulia sana habari za hospitali. Alinisimulia majina ya waliombeba, mmoja mmoja, na nani aliteleza kwenye matope.

Kitu cha pili ni agaseke, kile kikapu chenye kifuniko kilichochongoka ambacho leo kimo katikati ya nembo ya taifa iliyotangazwa mwaka 2001. Wageni hukiona kama zawadi ya uwanja wa ndege. Ukikitazama kwa karibu utaona kwamba hakifumwi kama mkeka, hushonwa. Fungu la nyasi za ishinge huzungushwa, na uzi wa katani hupitishwa kwa sindano nene iitwayo uruhindu, mzunguko juu ya mzunguko. Kikapu kidogo huchukua siku nyingi. Ni kazi ya kukaa, inayoweza kuachwa na kuendelezwa, na ndiyo maana ilimfaa mwanamke aliyejifungua au anayepona. Bibi aliporudi kutoka hospitalini hakuweza kushika jembe. Wanawake wa kilima walimlimia shamba la mtama. Yeye alikaa mlangoni na kusuka. Vikapu vile vilipokamilika, kila kimoja kilikwenda na unga au maharage kwa mwanamke aliyemlimia. Wanyarwanda husema, "Akebo kajya iwa Mugarura": kikapu huenda kwa yule anayejua kurudisha.

Mfano wa tatu ni wa taasisi. Mwaka 1960 padri Mbelgiji, Joseph Fraipont, ambaye baadaye alipewa jina la Ndagijimana, alianzisha kituo cha watoto wenye ulemavu huko Gatagara, karibu na Nyanza. Wengi walikuwa wameathiriwa na polio. Wakati huo mtoto wa namna hiyo mara nyingi alifichwa nyumbani. Gatagara palikuwa na mazoezi ya viungo, vifaa vya kusaidia miguu na shule, na palikuwa pia na ufundi. Hadi leo vyombo vya udongo vya Gatagara vinajulikana nchini. Mtoto hakungoja apone ndipo afundishwe kazi. Kufundishwa kazi kulikuwa sehemu ya kumsimamisha.

Wazo hili halikuwa la hapa tu. Marekani, mwaka 1917, kikundi kidogo cha watu kiliunda chama cha kutetea tiba kwa njia ya kazi. Mmoja wao alikuwa William Rush Dunton, daktari wa magonjwa ya akili huko Baltimore. Aliamini kwamba kushona mablanketi ya viraka kunawatuliza wagonjwa wenye wasiwasi, kwa kuwa rangi huvuta macho na kipande kimoja hukufanya utake kuona kinachofuata. Alikusanya habari za mablanketi ya zamani kwa miaka mingi, na mwaka 1946 akachapisha kitabu juu yake. Uingereza nako, askari waliojeruhiwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia walifundishwa kutarizi wakiwa vitandani, na mwaka 1918 Ernest Thesiger alisaidia kuanzisha kiwanda cha utarizi kwa ajili ya askari walemavu. Wanaume wale walikuwa wametoka mahandakini, na sasa walishika sindano bila aibu, kwa malipo.

Hapa nilikuwa nimefika mahali ambapo insha ingejiandika yenyewe: ingobyi, agaseke, Gatagara, Baltimore, na mama yangu kitandani Gisimenti. Kazi ya mikono inaponya. Nilimsomea mama sehemu ile. Akasema, "Mwanangu, haiponyi kitu. Vidonge ndivyo vinaponya. Hii inanizuia kufikiria kisu."

Nikampelekea bibi hoja hiyo hiyo, naye alikuwa mkali zaidi. "Wewe unasema nilikuwa napumzika," aliniambia. "Nilikuwa nalipa deni. Tumbo lilikuwa linauma na nilikuwa nasuka, kwa sababu mwanamke aliyelimiwa asipotoa kitu, mwakani nani atamlimia?"

Maneno hayo yalinifanya nirudi nyuma. Dunton aliandika juu ya wagonjwa ambao chakula chao kilipikwa na wengine. Askari wa Uingereza walihitaji mshahara, na hivyo kazi yao ilikuwa tiba na riziki kwa pamoja. Bibi hakuwa na mpishi wala mshahara. Ushonaji ule ule unaweza kuwa pumziko kwa mmoja na mzigo kwa mwingine, na tofauti haiko kwenye sindano. Iko kwenye maswali mawili ambayo mwanahistoria anapaswa kuuliza: kitu kinachotengenezwa ni cha nani, na wakati mgonjwa anashona, nani anaosha vyombo?

Katika nyumba yetu jibu la swali la pili lilikuwa baya. Kwa wiki tatu za mwanzo mama alishona usiku kwa sababu mchana alikuwa anapika, anafua na kwenda sokoni, huku mimi nikiandika insha juu ya utulivu wake. Nilipotambua hivyo niliona aibu. Nikachukua jiko na ndoo. Nilijifunza kupika isombe bila kuiunguza. Tangu hapo alishona mchana, dirishani, na usiku akalala hata muziki ukipigwa.

Alipanga blanketi la vipande 80, safu 10 za vipande 8. Kila kipande alikikata sentimita 17 ili kikishonwa kibaki 15, hivyo blanketi zima liwe na upana wa sentimita 120 na urefu wa 150. Hakutaka kubwa zaidi, kwa sababu blanketi zito hataweza kulivuta mwenyewe. Ndani aliweka shuka kuukuu badala ya pamba. Kila jambo lilipimwa kwa mwili atakaokuwa nao baada ya kisu. Nilielewa kwamba hakuwa anapitisha muda. Alikuwa anaishi wiki zile sita kabla hazijafika, akitafuta mahali ambapo zitamuuma.

Wiki ya nane damu ilikuwa imepanda. Usiku wa kuamkia safari ya hospitali alikuwa ameunganisha vipande 62. Alikunja kazi, akachoma sindano kwenye kitambaa na kusema, "Vilivyobaki ni vya kurudi." Mimi ndiye niliyekuwa umurwaza wake, yule anayekaa na mgonjwa, kumletea uji na kufua nguo zake. Baba aliwahi kufika siku ya pili, akiwa na vumbi la barabara. Mama alipokohoa kwa mara ya kwanza alitafuta mto wake wa vitenge, akaukandamiza, akafumba macho. Baba aliugusa mto ule kama mtu anayegusa chombo cha hospitali.

Wanawake wawili wa ghorofa yetu walituletea chakula kwa zamu kwa siku kumi. Mama aliporudi, vipande 18 vilikuwa vinamsubiri. Alinipa vinane nishone mimi. Akavikagua, akafumua vitatu na kusema mshono wangu una kona nyingi kuliko barabara ya Rulindo. Vitano vimebaki ndani ya blanketi, na unaweza kuvitambua kutoka mlangoni. Mabaki ya mwisho aliyashona mito miwili midogo, akanituma niipeleke kwa wale majirani, kila mmoja na kilo ya mchele. Nilimuuliza kama analipa deni. Akasema nimuulize bibi.