Sikio Darasani: Makerere ya Miaka ya 1970 na Jina la Koboko

Gombolola ya Kuluba iko katika wilaya ya Koboko, kwenye pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda, karibu na mipaka ya Sudan Kusini na Kongo. Hadi mwaka 2005 Koboko yote ilihesabiwa chini ya wilaya ya Arua. Wakulima wa huko huzungumza Kikakwa nyumbani, na sokoni husikika Kilugbara, Kiarabu cha mpakani na Kiswahili. Lakini ukitaja Koboko mbele ya Mganda wa makamo, kinachomjia kwanza ni Idi Amin, kwa kuwa baba yake alikuwa Mkakwa wa huko.

Makala haya yanahusu jambo lililotendeka mbali na Kuluba, katika kumbi za mihadhara za Chuo Kikuu cha Makerere, ingawa sehemu ya lawama yake iliwaangukia watu wa huko. Jambo lenyewe ni dola kumsikiliza mwalimu akiwa darasani ili kujua ameegemea upande gani.

Tuseme mapema kwamba mchezo huo haukuanza na Amin. Wakati wa Milton Obote kulikuwa na kikosi cha upelelezi kilichoongozwa na Akena Adoko. Oktoba 1968 mhariri wa jarida la Transition, Rajat Neogy, alitiwa kizuizini pamoja na mbunge Abu Mayanja, baada ya jarida hilo kuchapisha maandishi ya kuikosoa serikali. Makerere ilipokuwa chuo kikuu kinachojitegemea mwaka 1970, sheria yake mpya ilimfanya Rais wa nchi kuwa Mkuu wa Chuo na kumpa uwezo wa kumteua Makamu wake. Kwa hiyo Amin alipotwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971 hakuhitaji kuvunja mlango wa chuo. Aliukuta wazi.

Alichoongeza ni woga. Shirika lake la upelelezi, lenye makao yake Nakasero, liliitwa Idara ya Utafiti ya Dola. Msomaji aliyewahi kuandika tasnifu atasikia uchungu kidogo hapa: neno "utafiti", ambalo ndilo fahari yetu, lilibandikwa juu ya mlango wa nyumba ya mateso. Mitaani watu wa idara hiyo walitambulika kwa mashati ya maua, suruali pana na miwani meusi. Darasani hawakutambulika kwa lolote. Aliyekuwa akiandika nukuu kwenye dawati la tatu huenda alikuwa anajiandaa kwa mtihani, au huenda ukurasa wake ulikuwa unakwenda Nakasero. Mhadhiri hakuwa na njia ya kujua, na kutokujua huko kulitosha.

Chukua mfano wa mwalimu wa sheria. Tarehe 21 Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa ndani ya Mahakama Kuu akatoweka. Wiki iliyofuata mwalimu angefundishaje uhuru wa mahakama? Akilitaja tukio hilo, amechukua upande. Akilinyamazia, amechukua upande pia, na kila mwanafunzi darasani anajua. Hapo ndipo hoja ya "kutokuegemea upande" inapoonekana ilivyo tupu pale anayeipima anapokuwa ndiye mwenye bunduki. Mwezi uliofuata, Oktoba 1972, Makamu Mkuu wa Chuo, Frank Kalimuzo, naye alichukuliwa, na hakuonekana tena.

Waliobaki waliondoka kwa mafungu. Kufukuzwa kwa Waasia mwaka huo huo kulikwenda sambamba na kuhama kwa wahadhiri wa kigeni, na mwaka 1973 Ali Mazrui, bingwa wa sayansi ya siasa aliyejaza kumbi kila alipozungumza, aliihama Makerere. Mwaka 1976 ulikuwa mbaya kupita yote. Mwanafunzi Mkenya, Esther Chesire, alitoweka katika uwanja wa ndege wa Entebbe. Mwanafunzi wa sheria, Paul Serwanga, alipigwa risasi akafa. Theresa Nanziri Bukenya, mlezi wa bweni la Africa Hall, aliuawa akiwa mjamzito. Mwezi Agosti askari waliingia chuoni wakawapiga na kuwakamata wanafunzi. Chuo hicho hicho ndicho kilichompa Amin udaktari wa heshima wa sheria.

Sasa tufike kwetu sisi walimu wa Kiswahili, maana hatuwezi kupita kando. Tarehe 7 Agosti 1973 Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, baada ya wajumbe wa wilaya 20 kuulizwa: 12 walichagua Kiswahili na 8 Kiganda. Kwa mtazamo wa mwanaisimu ulikuwa uamuzi wa busara. Kwa mtazamo wa mwanafunzi aliyelala chini ya kitanda bwenini, Kiswahili kilikuwa lugha ya aliyekuwa akiupiga mlango teke. Jeshi lilikuwa limerithi Kiswahili cha amri tangu enzi za King's African Rifles, na serikali haikufanya kazi ya maana ya kuandaa walimu na vitabu ili lugha hiyo ipate sura nyingine. Amin alipoondolewa Aprili 1979, hali haikubadilika sana: misako ya miaka ya mwanzo ya 1980 mjini Kampala iliitwa "panda gari". Jina ni la Kiswahili fasaha, bahati mbaya.

Na Kuluba? Baada ya Amin, mtu wa West Nile alihesabiwa kuwa mshirika wa Amin hata kama hakuwahi kuvaa sare. Oktoba 1980 askari wa zamani walishambulia Koboko na Arua wakitokea ng'ambo ya mpaka. Jeshi jipya lililipiza kisasi kwa raia, na watu wengi wa wilaya hizo wakakimbilia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi waliwaua raia waliokimbilia misheni ya Ombaci karibu na mji wa Arua. Waliokufa hawakuwahi kumpeleleza mhadhiri yeyote.

Siku hizi upimaji wa misimamo ya walimu hufanywa kwa adabu zaidi. Mwaka 2006 kikundi cha wahitimu huko Los Angeles kilitangaza kuwalipa wanafunzi hadi dola 100 kwa kanda na nukuu za maprofesa waliodhaniwa kuelemea mrengo wa kushoto, kisha kikaiondoa ahadi hiyo baada ya kelele. Hatusemi Los Angeles ni Nakasero. Hakuna aliyetoweka. Lakini mwanafunzi anayemlalamikia mwalimu wake mbele ya mkuu wa idara, kwa jina lake na kwa hoja, hafanani na anayelipwa kuandika kimyakimya. Wa kwanza anaweza kujibiwa.

Mwaka 2013 Arua ilipata Chuo Kikuu cha Muni, na Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Kwa hiyo iko siku mwalimu wa Kiswahili atasimama mbele ya darasa lenye mjukuu wa askari wa Amin, mjukuu wa mkimbizi kutoka Kuluba na mjukuu wa aliyetoweka Kampala, simu zote zikiwa mezani na uwezo wa kunasa sauti. Mmoja wao atauliza ilikuwaje lugha hii ikachukiwa nchini, na mwalimu atalazimika kujibu.